Mwisho wa Juma wa Harusi ya Rafiki wa Chuo Huko Marangu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sisi ni kundi la watu tuliosoma pamoja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu tuhitimu tumekwisha kupanda Marangu, mkoani Kilimanjaro, mara tatu kwa ajili ya harusi za wenzetu. Kila safari maswali yamekuwa yale yale, yakiulizwa usiku wa manane kwenye kundi la WhatsApp na watu walewale, mimi nikiwa mmoja wao. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu tuliyoyapata kwa kukosea, na kwa kuwauliza wazee wa familia zilizotupokea. Yameandikwa kwa ajili ya Marangu, lakini anayekwenda Machame, Rombo au Kibosho hatapotea akiyafuata.

Nimealikwa ukumbini Jumamosi jioni. Kwa nini mnasisitiza nifike Ijumaa?

Kwa sababu Jumamosi rafiki yako hatakuwa wako. Tangu alfajiri atakuwa mikononi mwa wapambaji, wapiga picha na wasimamizi wake. Baada ya hapo atakuwa kanisani, kisha kwenye msafara wa magari, na utakapomwona ukumbini atakuwa meza kuu, akiwatabasamia mamia ya watu ambao nusu yao hawafahamu. Ijumaa alasiri ndiyo saa ambayo bado anaweza kuketi na watu aliosoma nao.

Wakati huo nyumbani kwao kumejaa mashangazi, mama wakubwa na majirani wa vihamba (mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa) vya karibu. Ndizi zinamenywa beseni kwa beseni, sufuria zinaazimwa, mbege inaonjwa, na hakuna mwenye nafasi ya kumhudumia mgeni aliyekaa kwenye kiti akisubiri soda. Anayefika saa hiyo, akasalimia vizuri na kukunja mikono ya shati, hupewa kisu na kuoneshwa mahali pa kukaa, na kuanzia hapo anahesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Katika harusi ya pili mama wa bibi harusi alituita "wanangu wa Mlimani", kwa jina la utani la chuo chetu, kwa siku tatu mfululizo, na hakuna aliyepata jina hilo kwa kufika Jumamosi.

Ratiba yenyewe huwaje?

Inategemea rafiki yenu yuko upande gani. Akiwa bibi harusi, sherehe ya familia yake ni sendofu, ambayo hufanywa siku chache au majuma machache kabla ya ndoa, na ndiyo inayogharimiwa na kuandaliwa na watu wa kwao. Akiwa bwana harusi, mzigo wa familia yake ni ibada ya Jumamosi na mnuso, yaani karamu, wa jioni. Kwa watu waliotawanyika mikoani na ng'ambo, kuhudhuria vyote viwili ni vigumu isipokuwa vikipangwa katika juma moja, kwa hiyo muulizeni mapema ni kipi anachotamani zaidi mwepo. Mmoja wa marafiki zetu alitushangaza kwa kusema sendofu, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa akiagana na nyumbani kwao, na alitaka tuwe nyuma yake wakati huo.

Nikate tiketi lini? Tarehe haiwezi kubadilika?

Subiri mpaka kamati ilipe malipo ya awali ya ukumbi, kwa sababu kabla ya hapo tarehe ni matumaini tu. Baada ya hapo haibadiliki kwa urahisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kusudio la kufunga ndoa litolewe taarifa siku 21 kabla, na makanisa kwa kawaida hutangaza ndoa kwa Jumapili tatu mfululizo. Kumbukeni pia kwamba makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo mtu anapowaambia "baada ya Pasaka", elewa kwamba Jumamosi za majuma yale zitakuwa na harusi nyingi na kumbi zitagombaniwa.

Kiwango cha mchango ni kiasi gani?

Hili ndilo swali lililoleta maumivu mengi kuliko yote, na naomba nilijibu kwa urefu.

Kila harusi ya kwetu ina kamati yenye mwenyekiti, katibu na mhazini. Miezi kadhaa kabla, kadi za mchango husambazwa, watu huandika ahadi, na baadaye kadi ya mwaliko hutolewa kulingana na kilicholipwa: anayefikisha kiwango fulani hupata kadi ya mtu mmoja, anayezidi hupata ya wawili. Utaratibu huu una maana yake. Ni kwa njia hii kijana asiye na utajiri huweza kuwalisha ndugu, majirani na marafiki siku moja, akijua kwamba naye atachangia harusi zao kwa miaka mingi ijayo. Ninauheshimu, na ninawaomba wanaoishi nje ya nchi wasiuite ombaomba.

Lakini ukiingia ndani ya kundi la marafiki wa chuo bila kufikiriwa, huumiza. Mwenzetu mmoja alikuwa na ajira nzuri ofisini, mwingine alikuwa akijitolea shuleni bila mshahara kwa mwaka wa pili, na wote wawili waliwahi kulala kitanda kimoja bwenini na kugawana sahani ya wali wakisubiri bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, litoke. Katika harusi ya kwanza orodha ya waliochanga na kiasi walichochanga ilikuwa ikibandikwa kwenye kundi kila jioni. Yule aliyekuwa akijitolea alinyamaza, akaacha kusoma ujumbe, na harusini hakuonekana. Tulikuja kufahamu sababu baada ya miezi mitano, naye ndiye aliyekuwa akimbeba bwana harusi, yaani kumlaza chumbani kwake, mwaka mzima wa kwanza, alipokosa nafasi ya bweni. Sijawahi kuona kosa letu lililonisikitisha kuliko hilo.

Tangu siku hiyo tunafanya hivi. Tunamteua mhazini mmoja wa kundi, mtu anayejua kutunza siri. Kila mmoja humtumia yeye binafsi kile alichoweza, kwa simu, akiongeza na ya kutolea ili mhazini asikatwe. Hakuna orodha, hakuna kiwango cha chini, na hakuna anayeulizwa mbele ya wenzake. Fedha zote hupelekwa kwa kamati kwa jina la kundi zima, pamoja na ombi la idadi kamili ya kadi tunazohitaji. Mhazini wa kamati hajali nani alitoa nini. Anachotaka ni jumla na majina ya kuandika kwenye kadi. Utashangaa kwamba kwa njia hii jumla yetu imekuwa kubwa kuliko tulipokuwa tukibandika majina, kwa sababu wenye uwezo walitoa wakijua wanamfunika mwenzao.

Sina kitu kabisa mwezi huu. Je, nije?

Njoo. Mwambie mhazini wa kundi na yeye atajua la kufanya kuhusu nauli. Rafiki yetu anaoa au anaolewa mara moja, na hatokumbuka bahasha ya nani ilikuwa nene.

Zawadi je, kando ya mchango?

Leteni moja kwa pamoja. Ukumbini mshereheshaji huita makundi kwa zamu, nanyi mtapita mbele mkicheza mpaka kwa maharusi, na kundi lenye kitu kimoja kikubwa hupita vizuri kuliko watu kumi na watano wenye seti kumi na tano za glasi. Jiko la gesi, godoro, au fedha taslimu ya kuanzia maisha vyote vinafaa. Muulizeni bibi harusi wanakohamia kuna nini, kwani katika harusi moja friji tatu zilifika siku moja.

Nitafikaje Marangu?

Wanaotoka Dar es Salaam kwa basi huanzia Kituo Kikuu cha Magufuli, Mbezi Luis, na hupita Chalinze, Korogwe, Mombo, Same na Mwanga. Kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya ni kukata tiketi, kulala usingizi na kuamkia Moshi mjini. Mshuke Himo, kabla ya Moshi, kwenye njia panda. Hapo kuna magari madogo yanayopanda hadi Marangu Mtoni kwa muda mfupi. Mwambieni kondakta mapema na mmkumbushe mkipita Mwanga. Ondokeni na basi la alfajiri, kwani safari huchukua sehemu kubwa ya siku na si vyema kufika kwenye nyumba ya watu usiku mkiulizia njia migombani.

Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miongo miwili. Ni reli ya zamani, haipo kila siku na haina haraka, lakini kwa kundi lenye nafasi ya kuondoka mapema ni safari ninayoipenda mno: mnazungumza usiku kucha, na asubuhi mnaona milima ya Upare kwa dirisha. Mtu asiichanganye na treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ambayo inakwenda Morogoro na Dodoma.

Wenzetu walioajiriwa Dodoma hawana haja ya kurudi Dar es Salaam kwanza, kwani barabara ya lami kupitia Kondoa na Babati inawafikisha Arusha na kisha Moshi. Wanaotoka Mombasa wapite Voi na Taveta, wavuke mpaka Holili, na Himo itakuwa mbele yao; wanaotoka Nairobi wengi hupita Namanga na Arusha. Wote wanaovuka mpaka wabebe pasi na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wanaokuja kwa ndege hushukia Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ulio kati ya Arusha na Moshi. Na wanaotoka Ulaya au Marekani wasifungashe zawadi katika mifuko ya plastiki ya kubebea, kwani ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Harusi ni Desemba. Kuna tofauti?

Kuna tofauti kubwa. Desemba Wachaga wa kila pembe ya nchi hurudi nyumbani kula Krismasi, na familia nyingi huchagua kipindi hicho kwa harusi kwa sababu ukoo wote uko kihambani. Mabasi hujaa, nyumba za wageni za Marangu na Himo hujaa, na hata mafundi wa kushona hujaa kazi. Kateni tiketi za kwenda na kurudi kwa pamoja, maana wengi hukumbuka ya kwenda tu.

Tutalala wapi?

Chukueni nyumba moja ya wageni, Marangu Mtoni au Himo, na mlale wote humo, hata kama baadhi yenu mna uwezo wa hoteli nzuri zaidi Moshi mjini. Kilomita kama arobaini kutoka Marangu, na nyingine kama hizo za kurudi, usiku, zitawatoa kwenye mazungumzo ambayo ndiyo yaliyowaleta. Vyumba vikipungua, tunajua kubebana. Familia ikisisitiza kuwapokea nyumbani, wapelekeni wawili au watatu walio karibu zaidi na rafiki yenu, si kundi zima, kwani vitanda vya nyumba hiyo vinawahitaji wazee waliotoka mbali.

Nivae nini?

Kwa ibada, mavazi ya heshima yanayofunika mabega na magoti. Kwa ukumbi, ulizeni rangi za harusi kabla ya kushona, na kama familia imetoa sare ya kitenge kwa marafiki, ivaeni wote au msiivae kabisa. Zaidi ya hayo, leteni sweta. Moshi mjini kuna joto, lakini Marangu iko juu mlimani, na kati ya Juni na Agosti baridi ya usiku huwashinda watu wa Dar es Salaam waliokuja na mashati mepesi. Viatu vya visigino virefu vibebwe mkononi mpaka ukumbini. Njia za migombani zikinyeshewa huteleza.

Ndafu ni nini, na mbege tunaruhusiwa kukataa?

Ndafu ni mbuzi mzima aliyechunwa, akatiwa viungo na kuchomwa bila kukatwakatwa, kisha huletwa ukumbini amesimama kwenye meza, amepambwa kwa majani, huku muziki ukipigwa na watu wakimfuata kwa kucheza. Wengi humwita keki ya asili. Maharusi humkata na kuwalisha wazazi wao na wazazi wa upande wa pili kwa mkono, na mara nyingi hapo ndipo utakapowaona wazee wakifuta machozi. Msisimame mbele yao na simu zenu. Mpiga picha yupo.

Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi, yenye uchungu kidogo unaotokana na magome ya msesewe. Hunywewa kwa kata, na kata hupita kwa kufuata heshima ya umri. Asiyekunywa pombe aipokee kwa mikono miwili, ashukuru, kisha ampe wa pembeni yake. Hakuna mzee aliyewahi kukasirikia hilo mbele yangu. Baadhi ya kumbi zinazomilikiwa na makanisa haziruhusu pombe ya aina yoyote, na hapo msiingize chupa kwa siri, kwani aibu itawaangukia wenye harusi.

Vyakula vingine mtakavyovikuta ni mtori, machalari na kiburu, vyote vya ndizi, na kiburu huwa na maharage. Mkipewa mtori asubuhi ya Jumapili, kunyweni wote.

Wenzetu Waislamu watakula nini?

Swali hili lifike kwa kamati wiki mbili kabla, lisisubiri foleni ya chakula. Ombeni mbuzi na kuku wachinjwe na Mwislamu, ombi ambalo kamati zote tatu zilitukubalia bila kusita, na ombeni kwamba kama kuna nyama ya nguruwe ipikwe na kupakuliwa mbali, kwa vyombo vyake. Ulizeni pia, kwa niaba yao, mahali pa kuswalia nyumbani au kwenye nyumba ya wageni. Katika harusi ya tatu baba wa bwana harusi, mzee wa kanisa, alitandika mkeka kwa mikono yake kwenye chumba chake mwenyewe.

Tumepewa dakika tano za kuzungumza ukumbini. Tuseme nini?

Msimame wote na azungumze mmoja. Awasalimie wazazi kwanza, ajitambulishe kwa ufupi, na aeleze jambo moja tu la kweli kuhusu tabia ya rafiki yenu: jinsi alivyokaa nanyi kwenye vimbweta, vile viti vya saruji vya chuoni, mpaka usiku akimwelekeza aliyekuwa na sapu, yaani mtihani wa kurudia, au alivyouguza mtu wakati wa likizo. Majina ya utani ya chuo yasitajwe kama asili yake inahitaji maelezo. Wapenzi wa zamani wasitajwe hata kwa fumbo. Pale mbele kuna bibi ambaye anamjua mjukuu wake kwa namna moja, na ana haki ya kuondoka bado akimjua hivyo.

Mkumbuke pia kumkaribisha yule mwingine. Kuanzia siku hiyo anayemwoa rafiki yenu ni shemeji yenu nyote, na anayeolewa naye ni shemeji kwa wanaume na wifi kwa wanawake. Mwiteni hivyo mbele ya watu, kwani ndiye anayewafahamu kidogo kuliko wote na ndiye atakayewafungulia mlango mkienda kuwatembelea.

Kuna mwenzetu ambaye hatusemezani. Nitafanyaje tukikutana?

Mpigie kabla ya safari. Msiache mpaka mkae meza moja na watu wote wawatazame. Kwa Wachaga lipo jani la isale, linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba na kaburini, na anayeletewa jani hilo pamoja na ombi la msamaha hutarajiwa asikatae. Katika harusi ya tatu wawili kati yetu, waliokuwa hawazungumzi kwa sababu ya deni la kodi ya chumba cha Sinza, walipatanishwa Ijumaa usiku na mjomba wa bwana harusi aliyechuma isale mpakani mwa kihamba na kuwashikisha wote wawili. Deni lenyewe lilikuwa dogo kuliko nauli zao.

Mmoja wetu amefariki. Tumtaje?

Ndiyo, lakini Ijumaa, tukiwa peke yetu na rafiki yetu, na baada ya kumwuliza kama angependa. Sisi huketi nje ya nyumba ya wageni, tunataja jina lake, kila anayetaka husema analolikumbuka, kisha tunasali, kila mmoja kwa dini yake. Bibi harusi wetu wa pili alikuwa akiishi chumba kimoja naye kwa miaka mitatu, na aliniambia kwamba bila saa ile asingeweza kutembea kanisani kesho yake. Ukumbini hatumtaji, hapo ni furaha ya familia mbili, na wengi hawakumfahamu.

Naweza kuja na watoto?

Kama kadi haiwataji, waulize kamati. Ibadani na nyumbani wanakaribishwa daima. Ukumbini usiku ni viti vilivyohesabiwa.

Jumapili tufanye nini?

Wengi hutaka kupanda mlima. Njia ya Marangu huanzia lango la hifadhi lililo juu ya mita 1,800, na matembezi ya siku moja hufika kambi ya Mandara, yapata mita 2,700, mkiongozwa na mwongoza wageni na baada ya kulipa ada ya hifadhi. Mtu aliyelala saa kumi alfajiri asijaribu. Maporomoko ya Kinukamori yako karibu na Marangu Mtoni na yanatosha kwa asubuhi ya watu waliochoka, au mwombeni mwenyeji awatembeze kwenye kahawa yake. Mkoa huu umelima na kuuza kahawa kwa ushirika tangu kabla ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kuanzishwa mwaka 1933, na wazee hupenda kulieleza hilo.

Kabla ya yote, hata hivyo, rudini nyumbani kwa wazazi kuaga. Mtawakuta wamechoka, viti vinarudishwa, na kuna mabaki ya chakula ambayo hamtaruhusiwa kuondoka bila kufungiwa. Osheni sufuria mlizokuta hazijaoshwa.

Baada ya kurudi makwetu kuna kinachobaki?

Kuna kuvunja kamati, kikao cha mwisho ambapo mapato na matumizi husomwa na waliohangaika hushukuriwa. Mtumeni mmoja anayeishi karibu awawakilishe. Kama kundi lilitoa ahadi ambayo haikukamilika, ikamilisheni kabla ya siku hiyo, kwa sababu mpambaji na mpishi bado wanasubiri fedha zao. Picha mlizopiga Ijumaa migombani zitumeni kwa mama wa nyumba kupitia simu ya mwanawe mwingine, maana maharusi watakuwa safarini, na yeye ndiye atakayezitazama kila jioni.